Mzee Elikana Ntahondi na Guzzi Yake Nyekundu

Mchungaji, wazee wa ukoo, ndugu waombolezaji, mimi ni Feliksi Ntahondi, mdogo wake marehemu na msemaji wa familia. Kabla sijaanza niwaambie la nyumbani: juzi shemeji yangu, Mama Honorata, aliomba aendeshe pikipiki ya mumewe mbele ya gari lililobeba jeneza hadi makaburini, sisi wazee tukamkatalia, mimi nikiwa wa kwanza, kwa kuwa kwetu mjane hukaa ndani ya gari, kajifunika kitenge, kashikwa na wanawake wenzake. Hakubishana, alitoa sharti moja tu, kwamba historia aiandike yeye na mimi niisome bila kuruka mstari, kwa hiyo ninaiona sasa hivi kama mnavyoisikia ninyi.

Marehemu Elikana Nehemia Ntahondi alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa Bangwe, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Nehemia na Mama Scola, akasoma Ujiji hadi darasa la saba mwaka 1966, ingawa siku nyingi alitoroka kwenda kutazama injini za boti, hadi baba akaona heri ampeleke akajifunze ufundi kuliko kumsaka ufukweni kila siku.

Mwaka 1972 aliajiriwa ufundi mitambo katika kampuni ya barabara, na huko alimkuta mhandisi mmoja Mwitaliano mwenye pikipiki nyekundu ya kwao, aina ya Guzzi, ambaye mkataba wake ulipokwisha, tarehe 2 Septemba 1978, alimkabidhi marehemu funguo, akisema hajaona mtu mwingine anayefuta pikipiki vumbi kwa shati alilovaa. Tangu hapo nyumba hii haikukosa harufu ya petroli, spea zisizopatikana alizichonga mwenyewe, na alipokosa mpira wa kuzuia oili alikata kandambili za watu, na hapa naongeza mimi, zangu zikiwemo.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na Honorata Alphonce wa Ilagala, aliyeletwa kwa pikipiki hiyo hiyo, gauni likatoka jeupe na kufika jekundu kwa vumbi, bibi harusi akicheka njia nzima, wakajaliwa watoto watatu, Esther, Oswald na Erasto, na wajukuu tisa.

Tarehe 19 Aprili 2011, akipita Kibirizi, aliachia usukani ili awapungie wachuuzi mikono yote miwili, akateleza kwenye dagaa waliomwagika njiani, akavunjika goti, na tangu siku hiyo hakuweza tena kupiga kiki ya kuiwasha, ikawa Mama anaiwasha nyuma ya ua, mzee anatoka nayo mbele ya nyumba katanua kifua. Macho yalipofifia, mwaka 2016, Mama alivaa kofia nyeupe ya mzee na koti lake la mvua akaendesha yeye, mzee akakaa nyuma kajitanda kitenge cha mkewe, na kila aliyesimama barabarani kusema shikamoo Mzee alijibiwa kwa honi, maana sauti ingewaumbua.

Ndugu zangu, hapa naiweka karatasi chini kidogo, maana nimeisalimia kofia ile miaka minane, na mara moja nilimlaumu shemeji kwamba amekaa nyuma kwa miguu iliyopanuka kama mwanaume. Naisoma na kucheka, Mungu anisamehe, na namkumbuka kaka yangu sana.

Marehemu alianza kuugua moyo mwezi Februari mwaka huu wa 2024, akalazwa mara mbili, na akafariki Jumatano tarehe 12 Juni, saa mbili asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Bangwe kwa maji na kuni, mafundi wenzake, na vijana wa bodaboda waliosukuma Guzzi kila ilipogoma.

Karatasi imeishia hapo, yanayofuata ni yangu. Nilisema mjane hujifunika kitenge, kumbe katika nyumba hii aliyejifunika ni kaka yangu, tena kwa hiari yake, na sioni niliyemlinda kwa kukataa. Mzee yeyote wa ukoo anayepinga Mama Honorata kutangulia, naomba asimame.

Naona wote mmekaa.

Shemeji, vaa kofia, gari litakufuata wewe. Kaka Elikana, pumzika kwa amani, leo unaendeshwa mchana kweupe na kila mtu anajua ni nani aliyeshika usukani.