Kisogo na Filamu Iliyopanda Basi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, onyesho la saa kumi jioni likiisha, mwenzetu wa mlangoni anastaafu baada ya kuutumikia ukumbi huu wa sinema miaka thelathini na minne. Katika miaka yote hiyo, ukiacha likizo na misiba, amekosa kazini siku tisa tu: tatu za harusi yake, tano za homa, na moja ambayo mpaka leo hataki kusema alikuwa wapi. Hatumuulizi. Mtu aliyetumikia hivyo anastahili siku moja ya siri.

Jina lake limo kwenye kitabu cha ofisi, lakini ukiliita humu ndani hageuki mtu, hata yeye mwenyewe. Sisi tunamwita Kisogo, kwa sababu ndicho kitu pekee chake ambacho filamu zinakijua. Wahenga walisema akupaye kisogo si mwenzio. Wahenga hawakuwahi kuwaonyesha watu viti gizani kwa tochi. Kisogo huipa filamu mgongo na kuwapa watazamaji uso, na kwake sinema ni mwanga unaopita juu ya nyuso za watu, basi. Ukimuuliza habari za filamu fulani atakujibu, “Ile ambayo mstari wa tano waliinama wote.”

Haya anayasema bibi yenu wa ufagio. Darasani sikukaa hata siku moja. Nimesema kwa mdomo, dada wa tiketi ameandika, na amenisomea mara mbili nihakikishe hajampamba mtu.

Kisogo alianza kwa kubeba makopo ya mikanda ya filamu begani, enzi hizo filamu ikiwa na uzito. Mwezi wa pili tu wa kazi alijikwaa ngazini, makopo yakaviringika, naye akayaokota na kuyapanga kwa kukisia. Jioni hiyo bibi harusi alikufa sehemu ya pili, akaolewa sehemu ya tatu. Watu walipiga makofi. Mwalimu mmoja alisimama akawaeleza wenzake kwamba hiyo ndiyo sanaa ya kisasa. Kisogo alirudi nyumbani na somo moja: mtu akiwa bado kwenye kiti, usimwamini anachosema. Mfuate nje.

Basi akaanza kuwafuata. Onyesho likiisha hujifanya anaokota karatasi, huku anatembea nyuma ya watu kimya kimya, masikio yamesimama. Filamu ambayo watu wanaacha kuizungumzia wakifika chini aliiita “ya ngazi.” Wakiizungumzia hadi nje, “ya geti.” Wakifika kituo cha basi bado wanabishana, “ya kituo.” Kila asubuhi alipita ofisini akasema neno moja tu, na mameneja wanne waliotangulia walipanga filamu za wiki kwa neno hilo. Ya ngazi iliondoka, ya kituo ilibaki. Hakukuwa na fomu. Labda ndiyo maana ilifanya kazi.

Kisha, miaka minne iliyopita, akaja meneja wetu wa sasa. Alikuja na mambo mengi mazuri. Choo cha wanawake kina kitasa, tunashukuru. Alikuja pia na mashine. Ilisimama mlangoni kwa mguu mmoja, ina nyuso tatu za kubonyeza: wa kijani unacheka, wa njano umenuna, mwekundu umekasirika. Mtazamaji akitoka abonyeze uso unaofanana na moyo wake. Meneja alituambia kwamba sasa tutajua ukweli. Kisogo aliizunguka mara moja, akaifuta vumbi, akarudi mahali pake.

Wiki hiyohiyo ikaja ile filamu ya shujaa aliyevaa nyeusi, mwenye huzuni kwa mambo yake yote. Nadhani mnaikumbuka. Mvua ilinyesha kwenye pazia mwanzo mpaka mwisho, mpaka nikatafuta ndoo. Shujaa alikuwa na uwezo mmoja tu: anamsikia kila mtu mjini anayelia kuomba msaada. Lakini miguu yake ni miwili kama yetu, kwa hiyo anafika kwa mmoja, wengine anawasikia tu. Mwishoni moto unawaka pande mbili za mji. Upande huu yupo mama yake mzazi, upande ule mtoto wa watu asiyemjua. Akaenda kwa mtoto. Taa zikawaka.

Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna aliyesimama. Mtu mmoja alikohoa, wenzake wakamgeukia kana kwamba ametukana. Walipoanza kutoka, muuza nyama wa mtaa wa pili, mtu anayepasua fupa la ng'ombe huku anapiga mluzi, alikuwa anajifuta macho. “Fungeni madirisha yenu, vumbi limezidi,” alisema. Ukumbi wetu hauna dirisha hata moja. Mama wa mapacha alitoka na wanawe wamefungwa kanga shingoni ziwe mabawa. “Shujaa gani haruki? Hata kutabasamu hajui! Nimewaahidi watoto mtu wa kuruka, nyie mmewaletea msiba!” Shangazi mmoja mtu mzima alisimama katikati ya mlango, hapiti wala hapitiki: “Miezi tisa tumboni, halafu amwache aungue kama chapati? Laana haizimwi na mvua, itampata tu!”

Na fundi cherehani, masikini, aliyekuja na mkewe kusherehekea amani baada ya ugomvi. Mke akamuuliza taratibu, “Baba nanihii, ungekuwa wewe, ungemwokoa mama yako au mimi?” Fundi akafikiri. Hapo ndipo alipokosea. Baada ya kufikiri akauliza, “Wewe moto wako uko upande gani?” Mke alitangulia nyumbani peke yake.

Mashine ikahesabu. Nyekundu mia moja arobaini na moja. Kijani sita, zote sita zimebonyezwa na pacha mmoja aliyependa mlio wake.

Asubuhi yake zilichapwa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kuirudisha filamu ilikotoka, nafasi yake ichukuliwe na kichekesho cha harusi. Ya pili ilikuwa ya Kisogo: astaafu mapema, kwa kuwa kazi ya kusikiliza mlangoni imepata mwenyewe. Naomba mwelewe barua hiyo ilikuwa na maana gani. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliopita, watoto wameshaolewa na kuoa mbali. Nyumbani kulikuwa na kiti na ukuta. Mtu aliyezoea kutazama nyuso mia mbili kila jioni, umpeleke akatazame ukuta, unamstaafisha au unamzika?

“Mzee wangu,” meneja alimwambia kwa heshima zote, “watu mia moja arobaini na mmoja wamekasirika. Namba hazidanganyi.”

“Hazidanganyi, bosi. Wamekasirika kweli,” Kisogo akajibu. “Na wamepanda basi wakiwa bado wamekasirika.”

Maana jana yake kituo hakikutosha. Ilibidi apande basi nao, akapitiliza kwake vituo vitatu, akarudi kwa miguu. Ndani ya basi, alisema, ilikuwa ni bunge. Hata dereva aliegesha akageuka: “Mtoto atazaliwa mwingine, mama je?” Mwanamke wa nyuma akamrushia, “Nenda kamwambie hivyo aliyemzaa huyo mtoto!” Abiria wawili walishuka si kwao ili wamalizie ubishi. Kisogo hakuwa na jina la filamu ya namna hiyo, kwa sababu haikuwahi kutokea.

Mimi nami nilibeba ushahidi wangu. Nilimpelekea meneja gunia la bisi nilizozifagia chini ya viti, mifuko imejaa hivyohivyo, haijaguswa. Nikamwambia, mwanangu, watu hawa wamesahau kula. Alionja moja, akasema labda chumvi ilizidi. Kusoma kwingi nako kuna mitihani yake.

Kisogo akaomba apewe mpaka Jumamosi. “Ukumbi usipofika nusu, barua yako nitaitia sahihi mwenyewe, wala sitauliza kitu.” Meneja akakubali, nadhani kwa sababu kichekesho cha harusi kilikuwa bado hakijafika.

Jumatano walikuja kumi na wanane. Alhamisi kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa anakwepa jua. Ijumaa nilimkuta Kisogo anatoa vitu vyake kabatini: kikombe, kitambaa cha viatu, picha ya marehemu mkewe. Nilimgombeza. Nikamwambia mtu hafungi mizigo kabla hajafukuzwa, huko ni kuwarahisishia kazi. Akarudisha kikombe. Picha akabaki nayo mfukoni.

Jumamosi saa nane mstari ulikuwa umefika kwa fundi baiskeli. Wa kwanza kabisa alikuwa fundi cherehani, mkewe kushoto, mama yake mzazi kulia, amesimama katikati kama mshtakiwa. Walitaka waitazame pamoja ndipo hukumu itolewe. Muuza nyama alileta kaka zake watatu nao waingiwe na vumbi. Mama wa mapacha aliwaacha mapacha, akaja na dada yake. “Nimekuja kuhakikisha kama ni mbaya kweli,” alisema, na akachagua kiti cha katikati kabisa. Shangazi alirudi ili amlaani yule shujaa kwa karibu. Viti vikaisha, watu wakakaa kwenye ngazi.

Onyesho lilipoisha wote walibonyeza nyekundu. Mia mbili na kumi na mbili. Kijani hakuna, pacha hakuja. Meneja alisimama mbele ya mashine yake akiitazama kama mtu aliyepigwa teke na mbuzi wake mwenyewe.

Filamu ilikaa wiki kumi na moja. Kuna watu waliokuja mara sita kukasirika. Uso mwekundu ulibonyea hadi ndani, ikabidi uagizwe mwingine. Kwenye taarifa ya mwaka meneja aliandika kwamba mashine imethibitisha mafanikio makubwa. Barua ya Kisogo haikuchanwa, tuliambiwa imepotea. Ofisi haikosei, hupoteza tu. Akabaki kazini miaka yake minne yote aliyobakiza, na picha ikarudi kabatini.

Jambo moja halikuandikwa kwenye taarifa. Siku ya mwisho ya filamu ile, mama wa shujaa alipoanza kuita kutoka kwenye moto, Kisogo aligeuka. Mara ya kwanza katika miaka thelathini. Alisahau tochi imeelekea dari, na watu wanne waliotaka kwenda msalani walijikwaa. Baadaye tulimbana, mimi na dada wa tiketi: haya, na wewe, ungemwokoa nani? Akafikiri zaidi ya fundi cherehani. “Ningechelewa kote,” akasema. “Ningekuwa nimesimama nawatazama wanaotazama moto.” Tulicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa kazini siku mkewe alipozidiwa. Hilo tulilikumbuka tukiwa tumeshacheka, na kicheko hakirudi mdomoni. Tangu siku hiyo dada wa tiketi humpelekea chai kabla hajaomba, na mimi hufagia upande wake kwanza.

Kuanzia Jumatatu nafasi ya mlangoni inafungwa rasmi, mashine inatosha. Ndivyo alivyotutangazia meneja. Lakini wiki hii nzima namwona huyo meneja onyesho likiisha, anainama nyuma ya watu akiokota karatasi ambazo nimeshazifagia. Jumanne alifika getini. Jana alipanda basi, gari lake likalala hapa. Leo asubuhi alikuwa amevaa viatu vya raba, na nilipomuuliza filamu ikoje akasema, “Bado haijashuka, bibi.”

Kisogo, mdogo wangu, tunakushukuru kwa kila aliyepata kiti gizani bila kumkalia mwenzake. Umetufundisha kwamba mtu anayelalamika sana pengine ameguswa, na kwamba anayepiga makofi pengine anataka tu kwenda nyumbani. Pumzika, lakini usizidishe. Nyumbani usikae ndani. Kiti kitoe nje, kielekeze barabarani, watu hawajawahi kwisha. Wanao wapigie wewe, usingoje wapige wao. Kula vizuri, uzeeke taratibu, na Mungu akupe maisha mema marefu kuliko filamu zote ulizozigeuzia mgongo. Jumamosi njoo tukuone. Tiketi utakata kama watu wengine.