Chuo cha Masharti

Benchi letu liko kati ya kibanda changu cha kuchonga funguo na saluni ya Kinyozi. Limevunjika mguu mmoja, kwa hiyo anayekaa upande mzima lazima awe mzito. Hapo ndipo tunapomaliza birika la Mama Kahawa kila mchana, na hapo ndipo dunia inaporekebishwa, ingawa dunia yenyewe haina habari. Mimi husikiliza tu, maana nimechoka kubishana na watu wasiojua kitu. Siku hiyo akaja Fundi Cherehani, futi ya kupimia ingali shingoni, akasema amekwama.

Binti yake alikuwa amekubaliwa na vyuo viwili vya uuguzi, vyote nje ya nchi, na lazima achague kimoja kabla ya saa kumi jioni. Asipojibu, anakosa vyote. Cha kwanza ni shahada, miaka minne, na ukimaliza unaruhusiwa kubaki huko ukafanya kazi. Cha pili ni stashahada, miaka miwili na nusu, ukimaliza unafungasha unarudi kwenu. Lakini Fundi kilichomkaa kichwani ni neno moja tu.

— Cha kwanza kimemkubali kwa masharti. Cha pili bila masharti.

— Masharti gani? akauliza Kinyozi.

— Sikumuuliza. Niliogopa.

Kinyozi akasema amefanya la maana kuogopa. Shemeji yake alikwenda kwa mganga kutafuta kazi, akapewa masharti matatu: asimpe mtu mkono kabla ya jua kutoka, asivuke maji akiwa na njaa, na akiondoka asigeuke nyuma. Nikauliza kama kazi aliipata. Kinyozi akajibu kwamba aligeuka.

Profesa akakohoa. Tunamwita Profesa kwa sababu alikuwa bawabu wa chuo miaka kumi na moja, na anasema kila aliyepita getini alimwachia elimu kidogo. Kwa mwanafunzi wa kigeni, akatueleza, sharti ni moja, nalo ni mkono. Huko magari hupita upande mwingine wa barabara, kwa hiyo hata damu ya watu wa huko inazunguka upande mwingine. Mgeni akichoma sindano kwa mkono wa kulia hapati mshipa, anapata hewa. Nikamwambia huo ni upuuzi mtupu. Akaniuliza kama nimewahi kulinda chuo. Nikakubali kwamba kweli sijawahi.

Fundi, maskini, akachomoa sindano kwenye ukosi wa shati, akaanza kujaribu kushona mto wa benchi kwa mkono wa kushoto, aone kama mtoto anaweza kuwa amerithi. Akamchoma Kinyozi pajani. Kinyozi akasema basi, huo ni ujumbe, binti aende kule kusiko na masharti.

Profesa hakutaka hata kusikia. Hata choo cha stendi kina masharti, yameandikwa mlangoni. Chuo kisicho na sharti hata moja bila shaka hakina wagonjwa, kwa hiyo wanafunzi hulazwa kwa zamu wakauguzana wenyewe. Kinyozi akasema kama ni hivyo kuna hatari zaidi, maana maneno kuuguza na kuugua yametenganishwa na herufi moja. Karani akiiruka hiyo herufi, mtoto atarudi na stashahada ya kuugua. Profesa akaona hilo si baya sana. Wengine wote wodini wanaugua kienyeji, yeye peke yake ana cheti.

Tukapiga kura. Masharti kura mbili, ya Profesa na ya Kinyozi, mimi nikagoma. Kinyozi akashauri masharti yaanze kufuatwa mapema: siku ya safari binti aingie uwanja wa ndege moja kwa moja, asigeuke.

Fundi akaacha kushona.

— Hata kunipungia mkono?

— Hata.

— Basi nimempoteza, akasema.

Akatuambia tangu mama yake binti afariki wamebaki wawili tu ndani ya nyumba ile, na kinachomtisha ni chuo kinachoruhusu mtu kubaki.

Saa kumi kasoro dakika kumi binti akatokea, simu mkononi, akatuamkia. Profesa akamwomba ataje masharti yote, asitufiche. Binti akashangaa. Ni cheti cha chanjo na cheti cha mtihani wa lugha, akasema, na vyote alishavituma wiki iliyopita. Profesa akauliza chanjo walimchoma mkono gani. Wa kushoto. Profesa akatutazama mmoja mmoja.

Binti akamkabili baba yake.

— Baba, cha miaka minne ndicho kizuri, na unajua. Nakuuliza kitu kimoja tu. Unataka nirudi?

Profesa alichungulia kikombe chake, nacho kilikuwa kitupu.

— Nataka usome.

— Sijauliza kusoma, baba.

— Jibu hiyo barua, mama. Saa inakwenda.

Binti akabonyeza simu. Akasema tayari, ni kile cha miaka minne, akaaga akaenda zake. Fundi alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona akawa hawezi tena kusikia.

— Nataka arudi, akatuambia sisi.