Fundi Mita Anaagwa kwa Mara ya Pili

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi katika Idara ya Maji, mkuu wa karakana ya mita, ambaye sote tunamwita Fundi Mita, anastaafu leo, tarehe 30 Juni. Mwaka jana, tarehe kama hii, niliandika sentensi hiyo hiyo, ila miaka ilikuwa thelathini na mitatu. Wapo watakaosema mimi, karani wa stoo, nimeishiwa maneno. La hasha. Tuliyemuaga ndiye tunayemuaga tena, na safari hii ofisi ya utumishi imehakiki tarehe yake ya kuzaliwa mara tatu.

Fundi aliingia hapa akiwa kibarua wa kuchimba mitaro ya mabomba. Mwaka wa tatu akahamishiwa karakana, kazi yake kuosha mita zilizotolewa kwenye nyumba za watu, zimejaa mchanga na, siku moja, konokono mzima mzima. Akajifunza kufungua, kusafisha, kupima na kufunga. Leo mafundi kumi na mmoja wa idara hii wamepita mikononi mwake, na kila mmoja anaweza kuwasimulia alivyofokewa siku aliyoiweka bisibisi ya Fundi mahali pasipo pake. Bisibisi hiyo haiazimwi. Mimi mwenyewe niliiomba tukiwa na miaka kumi na minne ya urafiki, nikapewa ushauri badala yake.

Mita yeye huisikiliza. Huweka ncha ya bisibisi kwenye mita na mpini sikioni, akakunja uso, kisha akakuambia kama ni nzima au ni mgonjwa. Kuna mwalimu mkuu aliyewahi kuja hapa akifoka kwamba bili ya shule imepanda mara tatu. Fundi akaenda naye, akafunga mabomba yote, akasikiliza, akasema mita haina kosa lolote. Walipochimba nyuma ya maktaba walikuta bomba limepasuka, na juu yake maua yamestawi ajabu. Mwalimu mkuu alikuwa ameyasifu maua hayo kwenye mkutano wa wazazi.

Sasa nije kwenye lile la mwaka jana, maana wageni waalikwa wanaona tunachekana bila kujua kisa chenyewe.

Utumishi walikuwa wanahamisha mafaili kwenda kwenye kompyuta. Katika pilikapilika hizo, tarehe ya kuzaliwa ya Fundi ikaingia kwenye faili la mlinzi wetu wa lango, na ya mlinzi ikaingia kwa Fundi. Fundi akapata barua ya kustaafu mwaka mzima kabla ya siku zake. Alipouliza, akaambiwa kompyuta haikosei. Mtu wa kubishana hakuwa, akapiga moyo konde. Tukamfanyia sherehe, tukakata keki, tukampa saa kubwa ya ukutani, meneja akasoma wasifu nilioupamba kwa maneno matamu. Kwenye wasifu ule hamkuwa na hata neno moja kuhusu jambo lililokuwa likimnyima usingizi. Sikulijua, na sikuuliza.

Jambo lenyewe ni macho ya mke wake. Shemeji yetu huyu ni fundi cherehani, ameshona sare za shule kwa miaka mingi. Ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshapoteza uoni wa pembeni, na daktari alimwambia wazi kwamba kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinalindika kwa dawa ya matone kila siku, bila kuruka hata siku moja. Dawa hiyo alikuwa akiipata kwa kadi ya matibabu ya mumewe, kadi ya kazini.

Siku ya nne ya ustaafu wake wa bandia, Fundi alikwenda duka la dawa kama kawaida. Muuzaji akaingiza namba ya kadi mara mbili, kisha akamwambia kwa upole kwamba kadi imefungwa tangu tarehe mosi. Fundi akauliza bei ya taslimu. Alipotajiwa, akaomba atajiwe tena. Kichupa kimoja cha mwezi kilikuwa karibu theluthi ya pensheni aliyotarajia. Akalipa, akakaa kwenye benchi la pale dukani kwa muda mrefu mpaka muuzaji akamletea maji ya kunywa. Aliniambia baadaye kwamba miaka yote hii alijua maji yanavyopita katika kila nyumba ya mji huu, na hakuwahi kujua pesa zinavyopita katika nyumba yake.

Siku ya kumi na mbili utumishi wakagundua kosa. Mlinzi wa lango, aliyekuwa akisifiwa na wote kwa kutozeeka, ndiye aliyepaswa kuaga. Fundi akapigiwa simu arudi kazini Jumatatu. Akarudi na ile saa ya ukutani kwapani, akaiweka juu ya kaunta yangu, akadai nimwandikie hati ya kupokea mali. Nikaandika. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Yeye hakucheka sana. Alisema amepewa mwaka mmoja wa kujaribu, na hautapotea bure.

Alifanya hivi. Aliwaomba utumishi wamwambie pensheni yake itakuwa kiasi gani hasa, si kwa kukadiria. Kila mshahara ulipoingia, akabakiza kiasi hicho tu, na kilichozidi akakipeleka chama chetu cha akiba na mikopo, kwenye akaunti isiyoguswa. Wakaanza kuishi kama wastaafu huku yeye akiwa bado kazini. Mwezi wa kwanza wa jaribio hilo pesa ziliisha tarehe kumi na tisa. Mwezi wa pili, tarehe ishirini na nne. Akaacha kununua gazeti, akawa analisoma langu juu ya bega langu, na bado ananilaumu ninafungua kurasa haraka.

Shemeji ndiye aliyegundua panapovuja. Alikuwa anaandika kila senti kwenye daftari la shule, na mwezi wa tatu wakakaa mezani kulipitia. Si chakula, si umeme. Ni michango, na zile pesa ndogo ndogo za kutuma kwa simu, leo kwa mpwa, kesho kwa binamu wa mpwa. Wakaita watoto na ndugu wa karibu, wakaweka daftari mezani, wakawaeleza pensheni ni kiasi gani na dawa ni kiasi gani. Binti yao alilia. Siku zote alidhani baba ana akiba kubwa mahali fulani. Ada ya mpwa ikakubaliwa mpaka mwisho wa mwaka, basi. Kuna waliomwita mkono wa birika. Ilimuuma, anakiri mwenyewe, lakini hakurudi nyuma. Mwezi wa tano pesa zilifika tarehe thelathini, zikabaki za kununulia balbu.

Kaka wa shemeji naye hakukosa lake. Alitaka malipo yote ya mkupuo, yale ya siku ya kustaafu, yatiwe kwenye mashine ya kufyatua matofali, akaapa kwamba fedha itarudi mara mbili ndani ya miezi sita. Fundi hakumkatalia. Alimwambia alete hesabu kwenye daftari, kama dada yake anavyofanya. Mpaka leo tunalisubiri daftari hilo.

Lililonishangaza zaidi ni kodi. Fundi ana vyumba viwili vya kupangisha uani, na hakuwahi kupeleka ritani, yaani taarifa ya mapato ya vyumba hivyo, kwenye ofisi ya kodi. Akavaa shati la kuendea ofisini, akaenda huko kwa miguu yake, akamwambia ofisa kwamba amekuja kujua anadaiwa nini. Ofisa akamuuliza ameitwa na nani. Hakuna aliyemwita. Walimtazama kama aliyepotea njia, kisha wakamwekea kiti. Akapangiwa kulipa kidogo kidogo, akaelezwa na sehemu ya mkupuo itakayokatwa kodi, ili asije akapanga matumizi ya pesa ambazo hatazipata. Alitoka pale mwepesi, akaninunulia gazeti.

Lakini kilichomweka roho mkononi ni fomu. Upo mpango wa matibabu wa wastaafu, unachangia kila mwezi na mwenza wako anaingia. Sharti ni kwamba kadi mpya ianze mara tu ya zamani inapokoma. Ukiacha pengo hata la siku moja, mwenye ugonjwa wa zamani anasubiri miezi mitatu bila kutibiwa kwa kadi. Miezi mitatu ya dawa ya taslimu wangeweza kujikusuru wakailipa, ila na vipimo vya hospitali juu yake, hapana. Fundi akapeleka fomu mwezi Februari. Ikarudi, picha ya shemeji ni ya zamani. Akapeleka Aprili. Ikarudi, mhuri wa daktari hausomeki. Mwezi Mei alipungua kilo nne, na tuliokuwa tukimtania tukaacha utani. Safari ya tatu alianzia kwa daktari, akagongewa mhuri mmoja, akaomba na wa pili uwekwe pembeni kwa usalama.

Kadi ilifika tarehe 11 mwezi huu. Alikuja stoo, akaiweka juu ya kaunta pale pale alipoweka saa mwaka jana. Jina la shemeji lipo, na tarehe ya kuanza ni kesho. Sitaki kuficha, nilitoa leso.

Pamoja na kadi hiyo, ile akaunti isiyoguswa ina pesa za dawa ya miezi kumi na moja, endapo bei zitapanda au mpango utayumba. Wanaiita mfuko wa macho. Hatudanganyani kwamba mambo yote yatakuwa rahisi. Lakini mtu huyu anaingia kwenye ustaafu anajua kinachoingia na kinachotoka, na wenzetu sita wa karakana wameshaanza madaftari yao. Mlinzi wetu wa lango pia yuko hapa leo na kadi yake ya wastaafu mfukoni, kwa sababu Fundi alikwenda naye kwenye dirisha la mpango huo siku ile ile mlinzi alipopewa barua ya kustaafu.

Kamati iliuliza anataka zawadi gani. Akasema saa ile iliyobaki stoo inatosha, ameikumbuka, na hati ya kupokea anayo. Ila aliomba jambo moja. Wasifu wa mwaka jana ulisomwa na meneja. Wa mwaka huu akaomba usomwe na mke wake. Tukataka kuuchapa kwa maandishi makubwa. Shemeji akakataa, akasema herufi ziwe hizi hizi za jarida letu la idara ambazo kila mtu anasoma.

Kwa hiyo ndugu zangu, sauti mnayoisikia tangu mwanzo ni yake, na karatasi iliyo mkononi mwake ni sawa na iliyo mikononi mwenu. Shemeji, asante kwa kutusomea mpaka hapa. Asante kwa daftari, na kwa kutukopesha mumeo miaka yote hii. Nanyi wawili tunawatakia siku nyingi, afya, na tarehe thelathini zinazofika pesa zikiwa bado zipo. Fundi, idara nzima inakushukuru. Nenda salama, na safari hii tafadhali usirudi.