Fundi Aliyeiweka Balbu Mezani

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Cephas Maroa ataning'iniza ovaroli yake kwa mara ya mwisho katika karakana yetu ya Rodi Kopany. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mmoja na miezi minane akitengeneza magari ya Shirika la Afya la Nuru ya Lambwe, yale yanayobeba wagonjwa kutoka vijiji vya Migori na Homa Bay.

Alifika Machi 1994 kutoka Kehancha akiwa na sanduku la spana na Dholuo, lugha ya Waluo, ya maneno matatu. Leo anapatana bei sokoni Rodi kama mwenyeji, ila nati ikimkatalia huikemea kwa Kikuria, na nati hulegea. Ni Msabato wa kweli. Jumamosi hagusi spana, isipokuwa gari la wagonjwa limekwama. Hapo husema, kama ilivyo katika Injili, ng'ombe ametumbukia kisimani, huvua koti la kanisa, na kuingia chini ya gari akiwa na tai shingoni.

Mengi mema yangeweza kuandikwa hapa. Alifufua magari mawili ambayo wataalamu waliyatangaza vyuma chakavu. Alimfundisha kazi Joyline, anayerithi nafasi yake, wakati wengine walicheka kusikia mwanamke anataka kufungua gia. Lakini nilipompelekea rasimu ya kwanza ya wasifu huu, Mzee aliisoma yote akavua miwani. "Jeff, umeruka ile ya balbu," akasema. "Usipoiandika, Ijumaa nitasimama niiseme mwenyewe, na chakula kitapoa."

Basi naiandika.

Mwaka 2011 tulikuwa na gari kuukuu la wagonjwa tuliloliita Nyar Lambwe, yaani Binti wa Lambwe. Taa yake ya ABS, ile ya manjano inayoonya kwamba breki za kuzuia magurudumu yasigande zina hitilafu, ilikuwa haizimiki. Hatukuwa na mashine ya kompyuta ya kusoma hitilafu. Mzee Maroa aliunganisha matundu mawili chini ya dashibodi kwa kipande cha waya, akahesabu taa inavyokonyeza, maana kila hitilafu ina idadi yake, na hesabu ikamwonyesha gurudumu la mbele kushoto. Akanunua sensa iliyotumika mjini Migori, akaifunga, taa ikazima. Siku ya tatu ikawaka tena. Madereva tukalalamika, ofisi ikauliza gari litalala karakana mpaka lini. Akachoka. Akafanya walivyokuwa wakifanya mafundi wengi wa barabara hii: akachomoa balbu. Taa haikuwaka tena, nasi tukamsifu tukidhani breki zimepona.

Dereva wa Nyar Lambwe nilikuwa mimi. Aprili ile, mvua ikinyesha, nilikuwa nampeleka mama mmoja aitwaye Milka akajifungue Homa Bay. Kwenye mteremko wa kuingia mjini ng'ombe wakakata barabara. Nilikanyaga breki kwa nguvu zote, nikiamini gari litanyooka kama nilivyofundishwa. Magurudumu yaliganda, gari likateleza kiubavu hadi mtaroni. Milka alitoka salama na akajifungua siku hiyo hiyo. Mimi nilivunjika goti la kushoto, nalo halijapona vizuri hadi leo.

Ripoti ya kwanza ilisema dereva alienda mbio. Mzee Maroa alikuja wodini mara mbili, akaleta ndizi, akaondoka. Nilidhani ni huruma tu. Kamati ilipokutana kuamua kama nifutwe kazi, nilihudhuria kwa magongo, sina cha kujitetea. Hapo ndipo fundi mkuu alisimama bila kuitwa, akatoa balbu ndogo mfukoni na kuiweka mezani.

"Huyu dereva msimfute," alisema. "Hiyo taa nilitoa mimi. Gari halikuwa na ABS, na yeye hakujua."

Hakuna mtu angejua. Gari lilikuwa limebondeka, na balbu moja isingetafutwa na yeyote. Alivuliwa cheo, akarudishwa nyumbani miezi mitatu bila mshahara. Kazi yangu ikabaki, na jina langu likabaki safi.

Nisiseme uongo katika karatasi ya kumsifu mtu mkweli: sikumsamehe siku ile. Nilikaa miezi bila kumwamkia, hata aliporudi kazini. Nilikuwa nikimtazama kutoka dirisha la stoo, nilikohamishiwa kwa sababu ya goti, na hasira ilikuwa bado mbichi.

Aliporudi, gari likiwa limeshanyooshwa, jambo la kwanza alilofanya ni kurudisha balbu, kisha akalitafuta kosa siku mbili. Alihesabu tena mikonyezo, akapata gurudumu lile lile. Akasafisha pete yenye meno ambayo sensa huisoma, akahesabu meno yake moja moja. Akatikisa gurudumu asikie kama bearingi imelegea. Mwishowe akapima waya kwa mita. Gurudumu likiwa limenyooka, kipimo kilikuwa sawa. Alipokata usukani wote kulia, kipimo kikapotea. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake, pale unapojikunja, na kwa nje ulionekana mzima. Akaniita, akanikabidhi mita mkononi, akazungusha usukani ili nione mwenyewe. Siku hiyo nilimwamkia.

Kutoka hapo ikaja desturi yetu ambayo wageni huishangaa. Hakuna gari linalotoka karakana kabla fundi na dereva hawajasimama pamoja mlangoni pa gari. Dereva hugeuza ufunguo nusu, na wote wawili huangalia kila taa ya onyo ikiwaka. Moja isipowaka, gari halitoki. Kisha huwasha injini na kuangalia zikizima. Moja isipozima, gari halitoki. Kwa miaka kumi na minne hatujavunja desturi hiyo hata siku moja, hata matroni akipiga honi.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, na wagonjwa ambao hawatajua kamwe jina lako, asante, Mzee Maroa. Mungu akupe afya na usingizi mtamu kule Kehancha, na mahindi yako yasiliwe na nyani.

Ombi moja tu. Nyar Lambwe siku hizi hubeba dawa, na Ijumaa ina safari ya Rusinga. Sijakalia kiti chake cha dereva tangu siku ile ya mvua, lakini nimemwomba Joyline nikikalie kwa dakika chache kabla dereva hajaichukua. Njoo saa tatu asubuhi, usimame mlangoni. Sigeuzi ufunguo bila wewe.

Jeff Ochuka, stoo ya vipuri