Mzee Nisikilize Anaondoka, Kituo cha Kura Bado Kiko Ghalani

Mniwie radhi kwa kuchelewa. Wasifu huu ulitakiwa utoke katika jarida letu la wafanyakazi la mwezi uliopita. Kisingizio cha kwanza ni mwanangu, anaota meno na hataki kubebwa na mtu mwingine. Cha pili ni hasira. Niliagizwa niandike kitu kifupi cha kuchangamsha, na kila nilipoanza kuchangamka nilikumbuka kwa nini tunafanya sherehe yenyewe.

Haya, tuanze inavyotakiwa. Mwandishi wa safu ya "Nyuma ya Foleni", ambaye jengo zima linamwita Mzee Nisikilize, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu baada ya kulitumikia gazeti letu kwa miaka thelathini na mmoja.

Aliingia akiwa msahihishaji. Safu aliipata kwa bahati: mwandishi wa siasa alihamia kwa mgombea mmoja kuwa msemaji wake, ukurasa wa nne ukabaki na pengo. Mzee hakwenda kwenye mikutano ya kampeni. Alikwenda kusimama kwenye foleni: ya kujiandikisha kupiga kura, ya vitambulisho, ya kuwapelekea chakula ndugu walio mahabusu. Alisema kwamba jukwaani utaisikia serikali ikijisifu, lakini kwenye foleni utaiona inavyomtendea mtu isiyemjua. Na alikuwa na mzaha unaouma. Msimu mmoja wa uchaguzi aliandika kwamba wagombea wote wa wilaya wamegeuka ghafla kuwa watoto wa nyumba za udongo, "hata yule tuliyekuwa tukicheza naye kwenye roshani ya baba yake."

Jina la Nisikilize lilitokana na desturi yake. Kabla safu haijachapwa, alimpigia simu aliyesemwa humo na kumsomea yote, neno kwa neno. "Nisikilize kwanza, utanitukana baadaye," ndivyo alivyoanza. Sote tuliacha kazi tukatega masikio. Mnakumbuka alipomsomea mkuu wa kituo cha polisi habari za vijana waliokamatwa kwenye maandamano na kulazwa sakafuni bila kupelekwa mahakamani? Sauti ya yule bwana ilitoka kwenye simu ikafika hadi kwenye meza yangu: "Muongo mkubwa wewe! Nani kalala sakafuni? Tuliwapa magunia!" Mzee alimshukuru kwa heshima zote, akaongeza mstari mmoja chini: mkuu wa kituo anasema waliwapa magunia. Vijana wale waliachiwa wiki hiyohiyo.

Mimi alinifaa zaidi ya hapo. Nilipokwenda kujiandikisha kupiga kura nikiwa na mimba kubwa, karani aliniuliza mume wangu yuko wapi, nije naye. Mzee alikuwa watu watatu nyuma yangu na daftari lake. Nikamgeukia nikidhani atanitetea. Akatikisa kichwa. "Mwambie mwenyewe, mwanangu. Mimi nimekuja kuandika." Nikamwambia karani kwamba sheria inataka umri wangu, mume haimtaki. Wanawake waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele. Niliandikishwa.

Sasa nifike panapouma. Safu yake ya mwisho hamkuisoma. Ilihusu kituo cha kupigia kura cha mtaa wa nyuma ya soko. Miaka yote kilikuwa shule ya msingi. Mwaka huu kimehamishiwa ndani ya ghala la diwani, na diwani huyohuyo anagombea tena. Lango lina walinzi wake, na walinzi wameanza kuwaambia kina mama wauza mboga kwamba siku ya kura wataingia "wanaojulikana" tu. Mzee alikwenda akaona kwa macho yake. Akaandika. Kisha, kama kawaida yake, akampigia simu diwani.

Diwani hakufoka. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Ahsante sana, mzee wangu. Umeandika vizuri. Mungu akuzidishie." Mzee akakata simu akitabasamu. Waliomtukana miaka yote hawakumzuia hata mara moja. Huyu aliyemwombea dua alimpigia mwenye gazeti, na jioni ukurasa wa nne ulitoka na tangazo la sabuni. Siku chache baadaye tukatangaziwa kwamba Mzee, aliyebakiza miezi kadhaa, ataondoka mapema "apumzike". Keki imeshaagizwa.

Nilimgombeza, sikuficha. "Baba, kwa nini ulimpigia huyu? Ungeacha safu itoke kwanza!" Akanijibu bila kuniangalia, "Ningempigia hata leo. Mtu unayemsema mbele ya mji mzima, humsemi kwa kumvizia." Sijakubaliana naye. Lakini najua kwamba ndiyo sababu hakuna aliyewahi kumshitaki kwa kuandika uongo, na wenye visa naye ni wengi.

Kwa hiyo nimefanya anavyofanya yeye. Jana nilimpigia mhariri mkuu nikamsomea wasifu huu wote. Akasema, "Wewe mama, unajua una mtoto mchanga?" Nikamwambia ndiyo maana. Hadi naandika aya hii hajashuka ngazi kuja kuizuia, na jarida hili nalipanga mimi.

Mzee wetu, ahsante. Ahsante kwa kusimama juani na watu ambao wengine tuliwaandika tukiwa tumekaa kitini. Nenda ukalale mchana, uwachoshe wajukuu kwa hadithi, simu ikilia uiache ilie. Uzee wako uwe wa afya na wa vicheko.

Sisi tuliobaki tuna Jumapili ya wiki ijayo, siku ya kura. Madereva na wauza magazeti, nyinyi mnaufikia kila mtaa, na mimi bado kuna vitu ninavyohitaji. Kabla ya Ijumaa nileteeni: picha ya lango la ghala, walinzi wakiwa wamesimama. Nakala ya agizo la tume la kuhamisha kituo, kama lipo. Kina mama wawili au watatu waliotishwa pale langoni, walio tayari kusema kwa majina yao. Wakili asiyemwogopa diwani. Na mtu mmoja mwenye subira wa kukaa na mwanangu Jumapili tangu alfajiri, maana nitakuwa kwenye foleni pale ghalani na sitaondoka hadi wa mwisho apige kura. Maziwa nitakuwa nimeshakamua.