Wimbo wa Duara

Kwanza nilisikia sauti nyembamba ikiimba nyuma yangu basini: "Mzingo ni pai mara mbili, mara nusukipenyo." Ilirudia palepale kama gurudumu lililokwama topeni. Nikageuka. Alikuwa msichana wa sare, daftari mapajani, na kando yake fundi cherehani, utepe wa kupimia shingoni.

"Una mtihani leo, mwanangu?" fundi akauliza.

"Sasa hivi, mama. Kanuni zote nimezitungia wimbo."

"Mimi pia niliimba. Siku yenyewe neno la kwanza likanitoka, na wimbo wote ukalifuata. Nilikaa saa mbili natazama kalamu. Shule yangu ikaishia hapo."

"Usinitie mkosi, mama! Wimbo ndio unaonibeba." Akacheka, lakini akachungulia tena daftari.

"Haya, imba. Mimi nakata sketi za duara. Kiuno nakigawanya kwa sita na robo, napata urefu wa kupima kutoka katikati ya kitambaa. Kwisha."

Msichana akaandika kitu daftarini. "Mama, hicho ndicho ninachoimba. Kiuno ndicho mzingo, na sita na robo ni karibu sawa na pai mara mbili."

"Ndicho hicho?" Fundi alishika utepe kwa mikono miwili. "Miaka ishirini naikata kanuni hiyo kwa mkasi. Na siku ile hakuna aliyeniambia kuwa ni kiuno tu."

Abiria wote tukajifanya tunatazama nje. Basi likasimama mbele ya geti la shule.

"Wimbo hautanitoka," msichana alisema akishuka. "Lakini ukinitoka, mama, nakuahidi, nitachora sketi."