Mchoro Aliomficha Pacha Wake

Kabla ya kuitika salamu, marehemu mama mdogo aliikagua nguo yako kwanza, akitafuta mahali mchoro unapojirudia. Pakiwa pameungwa vibaya, alikuambia papo hapo. Hilo ndilo jambo la kwanza nililolitambua kwake.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, pacha wa pili, dakika ishirini nyuma ya mama yangu mzazi. Dakika hizo hakuzisamehe. Shuleni walikaa dawati moja. Mama alikuwa wa kwanza katika uchoraji, yeye wa pili, na ripoti yake ilifika nyumbani imekunjwa mara nne.

Mwaka 1990 waliajiriwa pamoja kubuni michoro katika kiwanda cha vitambaa. Mwaka 1995 aliolewa na fundi mitambo wa humo humo. Fundi huyo aliwahi kumsalimu mama akidhani ndiye mchumba wake; akanuniwa wiki mbili.

Kompyuta ilipoletwa mwaka 2009, mama alitangulia kuijua. Ukiipa namba ya kuanzia, inazaa mchoro. Ukibadili namba, unapata mwingine kabisa. Vitambaa vya mama vikachaguliwa mfululizo. Marehemu akajifunza kimyakimya, wenzake wakienda kula mchana. Siku moja akatoa mchoro wa majani yaliyopishana kama nywele zilizosukwa, hadi msimamizi akainuka kitini. Kumbe, ili dada yake asiuige, alikuwa ameifuta namba, na hata yeye hakuikumbuka. Ikabaki karatasi moja yenye mchoro huo, ndogo kama kiganja, isiyotosha kutolea kitambaa.

"Umeficha mpaka mwenyewe huoni," mama alimwambia.

"Afadhali tukose wote!"

Mwaka 2023 figo zilianza kumsumbua. Miezi mitatu ya mwisho mama alikaa kando ya kitanda, kompyuta mapajani, akijaribu namba moja baada ya nyingine. Tarehe 9 Juni 2025 majani yakatokea.

"Mwenzangu, hebu tazama."

Marehemu alitafuta kwanza mahali majani yanapojirudia. "Hata huu umeuona wewe kwanza," alisema. "Jina lako usiliweke."

Alifariki Alhamisi, tarehe 12 Juni, akiwa na mumewe. Mama alikuwa kiwandani, ameupeleka mchoro.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na dada yake pacha, anayekiri, kwa shingo upande, kwamba hajawahi kubuni kitu kizuri kama mchoro huo.

Alale salama mama yetu mdogo. Jumanne, saa mbili asubuhi, jora la kwanza litatoka mtamboni likiwa na jina lake peke yake, nasi sote tutakuwa tumesimama pale.